Kimo cha Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unatembea bila kuumwa na goti, na dagaa wetu wa usipa wanapatikana, maana mdogo wangu Yusta alinieleza kwamba ziwa lilichafuka. Mimi ni mzima. Huku Tanga jua ni kali, na miiba ya mkonge inatuchoma hata sisi madereva wa trekta. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu wewe hulia na mimi hunyamaza, hadi salio linakwisha.

Uliniambia wazee wa kijiji walikuja nyumbani kuomba nirudi nigombee uenyekiti. Walisema nimekuwa baba mtupu, kimo na sauti. Kabla sijawajibu, nikusimulie yaliyonipata hapa.

Mwezi uliopita tulichagua kiongozi wa wafanyakazi wa shamba. Wapo walio wa chama tawala na wapo vijana wa upinzani, na hawanywi chai benchi moja. Lakini wote walinijia. Wale wa kwanza walisema mtu mwenye mwili kama wangu analeta utulivu, watu wakimwona wanatii. Vijana wakasema nikisimama mlangoni kwa meneja, meneja atarudi nyuma. Mwili ni huu huu mmoja, mama. Hakuna aliyeniuliza nina mawazo gani.

Tangu hapo sikupata raha. Nikitazama kioo cha trekta namwona baba. Nikimwita mtu shambani, sauti inayotoka ni yake, nami hugeuka kuona ni nani aliyeita.

Unakumbuka walivyomchagua. Mmatengo wa Kigonsera, mtu wa milima na kahawa, aliyeshuka ziwani kwa ajili yako. Wavuvi wakampa kijiji kwa kuwa alionekana kutoka mwisho wa mkutano. Kisha zikaja mvua zile, mto ukafurika, watoto wa shule wakakwama ng'ambo. Bado namsikia yule mtu nyuma yetu: "Mwenyekiti atangulie, maji hayatamfika kifuani." Watu wote wakamtazama. Ni mimi na wewe tu tuliojua hajui kuogelea. Ulimshika shati, akalitoa taratibu mkononi mwako, akaingia, na mto ukamchukua.

Maji yalipopungua watoto walivushwa, wote wazima. Wangeweza kungoja.

Siku ya mkutano wetu wa shamba nilisimama nikasema, "Mimi ni mwoga. Mchagueni Mwanaidi." Mwanaidi ni mama mfupi mwenye sauti nyembamba, ndiye aliyebishana na ofisi mpaka tukapata maji ya kunywa shambani. Walicheka. Mzee mmoja akasema hata unyenyekevu wangu ni wa kiongozi, na mikono ikanyooka pande zote mbili. Sikuwahi kuwaona wakikubaliana kabla ya hapo.

Nilikataa palepale. Wakarudia kura, wakamchagua dereva mwenzangu Shabani, ambaye ni mrefu kunizidi. Mwanaidi alipata kura yangu na za wanawake wachache. Sasa vijana hawanisalimii, na wale wengine wanasema nimenunuliwa.

Juzi Shabani alinifuata, akaniuliza niliogopa nini. Nikamsimulia habari za baba. Alitazama mikono yake.

"Mimi nikiwa mbele ya wakubwa maneno hunikauka," akasema. "Nitawaambiaje sasa, na wameshanipigia makofi?"

Aliondoka ameinama, na njiani kila aliyekutana naye alimwita kiongozi.

Nisalimie Yusta na wanawe. Mjomba Aidani na wenzake wa mtumbwini wape pole ya kazi. Shangazi Kolumba wa Kigonsera mwambie namshukuru kwa kuitunza mibuni ya kaka yake.

Na wale wazee wakirudi, usiwaambie nina kazi nyingi, wala kwamba nitafikiria. Waambie mwanao anaogopa. Baba hakupata nafasi ya kulisema neno hilo.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila siku,
Gaudensi