Chuma cha Kushikilia

Jumanne, 4 Machi

Kikundi leo, ukumbi wa zahanati, wanawake kumi na tisa. Nesi kafundisha mifupa: hedhi ikikoma inapungua nguvu, ukianguka unavunjika. Kagawa karatasi — kila mmoja aandike kaanguka mara ngapi mwaka huu, na wapi. Mimi mara moja, nilijikwaa kwenye waya wa pasi. Wifi yangu kaandika saba! Zote bafuni. Wenzetu wakamtania, eti anaoga huku anakimbia. Akacheka nao, mkono kaubana mbavuni.

Bafu lile nalijua. Sakafu ya saruji, hata umwage sabuni haitelezi. Na anayemwangusha namjua pia. Ni mdogo wangu. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni mimi. Nikakunja karatasi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Wameamua kumsaidia wifi — chuma cha kushikilia ukutani, pale bafuni. Cheche, mwenzetu wa kuchomelea mageti, kakata bomba futi tatu, kakaza skrubu nne. Mdogo wangu katupokea kwa heshima zote. Karibuni dada zangu, asanteni kwa kumjali mama watoto. Wifi nyuma yake, macho kwenye bomba. Akanigeukia. Nikajifanya natafuta kiatu.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu kaling'oa lile bomba. Skrubu zote nne! Kampiga nalo wifi mkono, mgongo, mdomo. Kosa lake kuleta watu wachungulie nyumba. Jirani kaniita mbio. Nimemkuta wifi kakaa sakafuni, mfupa wa mkono umetoboa ngozi, meno mawili kwenye ndoo. Bomba limetupwa mlangoni, lina damu na nywele zake. Nywele nyeupe. Nikalificha chini ya gauni, nikaja nalo. Sijui kwa nini.

Hospitali daktari kauliza. Wifi kasema kaanguka. Daktari kanitazama mimi. Nikasema — kaanguka.

Mdomo huu! Ningeutia sindano na uzi.

Jumapili, 16 Machi

Cheche kaja. Ana hasira. Skrubu kazikaza mwenyewe, haziwezi kung'oka kwa mtu kuteleza. Nani kazing'oa? Nikainamia cherehani. Kanitemea mate miguuni, kaondoka. Nimestahili.

Jumanne, 18 Machi

Kikundini nimemwomba nesi ile karatasi ya wifi. Mbele ya wote nimefuta bafuni, nikaandika jina la mdogo wangu. Mara saba. Kisha ya nane. Nesi kapiga simu polisi, Cheche akaja nami kumtoa wifi hospitali, tukamleta kwangu, Cheche akakimbia kuwafuata hao polisi, maana kwenye simu wanajibu tu wanakuja, wanakuja.

Saa tisa alasiri. Mdogo wangu yuko mlangoni.

Nimejifungia na wifi humu chumba cha kushonea. Daftari juu ya cherehani, mkono mmoja kalamu, mmoja bomba. Kwanza alitukana, kanitukana mpaka mama yetu, mama yake mwenyewe! Kisha mateke. Ubao umepasuka. Sasa kapoa, kaileta ile sauti yake ya utotoni: dada, nimeumia mguu, nifungulie.

Nimetaka kuinuka. Aibu yangu — nimetaka kweli.

Wifi kaja kusimama kando yangu. Mkono wa plasta kifuani, mdomo umevimba. Mkono wake mzima kauweka kwenye bomba, juu ya wangu, kakaza.

Komeo lina skrubu nne. Moja imeanguka.