Pasipoti za Akina Mi

Mahachai, Jumapili mchana

Kaka Tambuu,

Hujambo, kaka yangu mwenye meno mekundu? Mama mgongo umemwachia, au bado anaamkia kwenye miti ya mpira kugema utomvu kama msichana? Mimi mzima, nanenepa, na kelele zangu ni zilezile. Usimkodolee macho huyo aliyekuletea barua. Ndiyo, ni Htaw, shoga yangu, na tumbo ni lake. Kaa nikupe habari, maana maneno yanaikimbiza kalamu.

Htaw alitaka kuja kujifungulia kwa mama yake. Alichokosa ni pasipoti tu. Zetu zote zilifungiwa kwenye kabati la chuma la Bwana Wirote, msimamizi wetu hapa kiwanda cha kamba wa baharini. Kila akienda kuomba anaambiwa angoje, kazi nyingi, na kwani kumenya kamba kunatumia tumbo? Mara ya mwisho alirudi analia, akasema atazalia kwenye ndoo ya barafu.

Basi wiki iliyopita tukasikia wanakuja wakaguzi wa supamaketi ya ng'ambo inayouza kamba wetu. Wanataka kujua kama kuna mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu. Kiwanda kikapigwa deki mpaka kikanuka hospitali. Asubuhi ya kuja kwao Wirote akatupanga mstari, akafungua kabati, akatugawia pasipoti. Tukiulizwa, tuseme tunazitunza wenyewe, na jioni zirudi zote. Akaongeza kwamba supamaketi ikikasirika itanunua kwingine, na sisi tutarudi kwetu kulamba sufuria.

Sasa kaka, unatujua sisi Wamon, kila mwanamke jina lake huanza na Mi: Mi huyu, Mi yule. Wirote yeye anadhani Mi ni jina la ukoo, tumezaliwa tumbo moja wote! Na haraka aliyokuwa nayo, akisoma Mi, anampa Mi aliye mbele yake. Ukilalamika, unafokewa: "Shika hiyo, we! Jioni si naichukua?" Shangazi Mi Non, yule mwenye mapengo, akapewa ya Htaw. Akaibusu picha, akasema kumbe ujana wake ulikuwa umefungiwa kabatini. Tulicheka mpaka tukatukanwa.

Mkaguzi, Bi Orathai, alikataa kutuhoji mbele ya Wirote. Akatutoa nje ya geti mpaka kwenye kibanda cha chai, akamwambia mkalimani wa kiwanda abaki hukohuko ndani. Akauliza nani anajua Kithai. Nikarusha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi, niliyejifunza Kithai kwenye tamthilia! Akamwuliza Shangazi Non nani anatunza pasipoti yake. Shangazi akajibu kama alivyofundishwa, kwamba ni yeye mwenyewe, siku zote, chini ya mto. Bi Orathai akaomba aione. Akaitazama picha, akamtazama Shangazi. Akaomba ya Htaw, akakuta pichani Shangazi Non amemnunia! Alijizuia kucheka, akashindwa. Kicheko kilipokwisha, Htaw akashika tumbo, akasema yote, nami nikatafsiri yote, hadi matusi.

Niliogopa, sikatai. Nikamwuliza kama sasa wataacha kununua kwetu. Akasema kukimbia ni rahisi, lakini shida inabaki na sisi. Duka litaendelea kununua, ila kila mtu awe na kabati lake na ufunguo wake, na anayetaka kuondoka aondoke. Mabosi wakaitwa siku hiyohiyo. Wirote akasema alikuwa anatukinga na wezi. Akaulizwa mbona basi Htaw alinyimwa ya kwake. Akaanza kupekua mifuko kutafuta ufunguo wa kabati! Juzi makabati yamekuja. Ufunguo wangu nauvaa shingoni, nalala nao. Htaw anaondoka leo hii, hataki kungoja hata chai.

Kaka, sasa lile hasa lililonifanya niandike. Bi Orathai alisema duka halitaki kuishia getini, linataka kufuata njia yote tuliyopita. Akauliza nani wa kwanza kuzitoa pasipoti mikononi mwetu. Wenzangu wote wakanigeukia mimi.

Ni wewe, kaka. Tulipovuka mpaka kuingia huku kwa Wathai ulipita ndani ya basi na mfuko wa plastiki, ukazikusanya, ukisema kiwanda kitazitunza vizuri kuliko sisi. Tukakushukuru! Najua uliamini ulichosema. Lakini bado unaleta wasichana huku viwandani, na ule mfuko bado unapita kiti kwa kiti.

Nimelitaja jina lako. Sikuzunguka. Mvua zikiisha Bi Orathai atakuja hapo kwetu, mjini Ye, haji na polisi. Anataka kusikia kutoka kwako na kuona mfuko umekoma, la sivyo viwanda vinavyoliuzia duka lao havitapokea watu wako tena. Mwambie ukweli wote. Nakujua, utaweza, na utabaki na kazi yako.

Mkandie Mama mgongo kwa niaba yangu, na mfikishe Htaw kwao, usimwache abebe mzigo. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Ila hebu jiweke pale kibandani: Htaw ameshika tumbo, chai inapoa, macho yote kwako. Wewe ungefanyaje?

Mdogo wako,
Mi Pakao