Kura ya Vigae

Korintho, mwezi mmoja baada ya kura

Mwanangu Filina,

Pokea salamu zangu. Hujambo? Na mjukuu wangu, kikohozi kimepoa? Mimi mwili mzima, ila roho inachemka.

Miaka kumi nje ya Athene! Mwizi wa mbuzi hupelekwa mahakamani akasikilizwa. Mimi je? Maelfu ya watu wanaleta uwanjani vipande vya vyungu vilivyovunjika, kila kigae kina jina la mtu wanayetaka aondoke, na jina langu likazidi yote. Basi, funga mzigo. Hakuna shtaka wala utetezi. Kosa langu ni kusema fedha yote ya migodi isiishie kwenye kuunda meli. Kusema tu! Mtu wa Athene asiposema uwanjani, akasemee wapi, chooni?

Nataka kujua nani kati ya watu wetu wa karibu aliniangusha. Ulizia, unijibu.

Baba yako, Faidimo


Athene, wakati wa mavuno ya shayiri

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, mtoto amepona. Umeniuliza, nami sitakudanganya. Ni Nikoni, mume wangu.

Ngoja, baba, usiitupe barua! Unajua hajui kusoma. Alitoka shambani siku ile, akafika kwenye lango la uwanja, akakuta vijana wa wale wakubwa waliotaka meli ziundwe wamesimama na makapu ya vigae vilivyokwisha kuandikwa. Walimjua kuwa ni mkweo. Wakamwambia, "Kaka, huna kigae? Chukua hiki, kina jina la yule adui wa Faidimo." Akafurahi, akidhani anakusaidia. Akakitumbukiza. Wakamwongeza na cha pili ampe jirani, lakini jirani hakumkuta, akarudi nacho nyumbani. Nikakisoma. Faidimo.

Baba, alilia mtu mzima yule. Nilikwenda kwa wakubwa wa mtaa nikawaambia huu ni uhuni. Wakanijibu, "Mama, kura ni mambo ya wanaume, rudi jikoni." Nimejaa hasira. Mwonee huruma Nikoni. Anasubiri neno lako.

Binti yako, Filina


Athene, mwanzo wa kiangazi, mwaka wa pili

Baba, shikamoo.

U mzima kweli? Tangu nikuandikie habari za Nikoni hujanijibu hata mstari mmoja. Mjukuu wako ananiuliza kama babu yupo au ni hadithi.

Mfalme wa Uajemi anakuja na jeshi ambalo, wanasema, likinywa mto unakauka. Mkutano umeamua wote waliofukuzwa kwa vigae warudi mara moja kuilinda Athene. Nikoni amepangiwa kasia melini. Anasema ukija atakupisha benchi ya juu, kule chini kuna joto na jasho la wenzako linakudondokea kichwani. Njoo, baba.

Binti yako, Filina


Korintho, kiangazi hichohicho

Filina,

Salamu. Afya yangu nzuri, asante.

Ahaa! Leo wamenikumbuka! Waambie vigae vyao vipige makasia. Na mumeo, mwambie asinitumie maneno ya benchi. Mtu anashikishwa kitu mkononi, hajui ni nini, anakitumbukiza! Mbuzi hunusa kabla ya kula. Nilimpa binti, akanilipa uhamisho. Siji.

Faidimo


Trezeni, kiangazi kikiisha

Baba, shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa shida.

Waajemi wamekaribia, na Athene haina mtu tena. Wanawake na watoto tumevushwa bahari hadi huku mji wa Trezeni, wanaume wako melini, kwenye kisiwa cha Salamina. Watu wa huku hawatujui, lakini wanatulisha, wameruhusu watoto wetu wachume matunda shamba lolote, na hata mwalimu wanamlipa wao. Wageni hawa! Na wewe mwenye mji umekaa Korintho unanuna.

Unalia kwamba ulihukumiwa bila kusikilizwa. Haya, niambie, Nikoni umemsikiliza lini?

Filina


Salamina, baada ya vita

Mwanangu Filina,

Sijui nianzeje kukuuliza hali.

Barua yako ilinichoma, nikapanda mashua siku ileile. Nikawekwa meli moja na Nikoni, naye kweli akanipisha benchi ya juu. Sikumshukuru. Nilimtukana mbele ya wenzake, naye akawa anaitikia tu, "Ndiyo, baba." Asubuhi ya vita alinijia ufukweni na kijiti, akanishikisha, akasema, "Baba, niandikie jina langu hapa mchangani nilione lilivyo." Nikamjibu, "Kawaombe waliokupa kigae." Akatabasamu, akaenda kushika kasia lake.

Tumeshinda, nadhani umesikia. Meli ya Waajemi ilitupasua ubavuni, benchi ya chini, alipokaa yeye. Mimi waliniopoa. Yeye tulimkuta ufukweni jioni. Nisamehe, mwanangu, hakuna njia ya kulisema hili taratibu.

Wakubwa wamekuja kunishika mkono, wananiita mzalendo, walewale waliowatuma vijana wenye makapu. Nimewafukuza. Hasira yangu kwao ipo palepale. Lakini iliyo kubwa zaidi ni juu yangu mimi, maana nilikuwa na kijiti mkononi na mchanga miguuni, na jina lake ni herufi chache tu.

Nimemzika mwenyewe. Nimemchongea jina lake kwenye jiwe, herufi kubwa, kisha nikainama nikamsomea.

Baba yako, Faidimo