Hodi Kwenye Mlango Wazi

4 Februari

Kaka yangu,

Hujambo huko uliko, popote ulipo wiki hii? Barua yako ya mwisho ilitoka hotelini, na ile ya kabla yake uliiandikia ndani ya stoo ya vipuri. Mimi sijambo. Mama yuko vilevile: upande wa kulia bado haumtii, ulimi mzito, lakini akili ipo na ukali upo.

Habari ni kwamba chuo cha upimaji ardhi kimeniita tena. Mwaka jana niliahirisha kwa ajili ya kiharusi cha mama. Safari hii wameandika wazi kwamba nisipofika, nafasi anapewa mwingine. Kaka, nafasi hii naitaka mpaka naiota. Njoo ukae na mama. Kazi yako iko ndani ya kompyuta, si hata hapa sebuleni inafunguka?

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na mama umpe zake. Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Nakuandikia nikiwa kwenye korido, namngoja mkurugenzi aseme kama mfumo mpya wa ghala utawashwa Jumatatu au la. Mwongozo wake nimeuandika upya sijui mara ngapi. Kila nikimaliza, mafundi wanahamisha kitufe, na wafanyakazi wananijia juu kama vile niliyekihamisha ni mimi.

Hongera sana! Lazima uende. Mimi siwezi kuja, mkataba umenibana, na baada ya huu kuna mwingine. Lakini dawa ninayo. Tuajiri msaidizi. Wewe niandikie kila unachomfanyia mama toka asubuhi mpaka usiku, nami nitakigeuza kiwe mwongozo safi. Ndiyo kazi yangu hiyo: mtu anaondoka, shughuli inaendelea.

Kaka yako

16 Februari

Kaka,

Sisi wazima. Mama nimemweleza, akanitazama weee, akauliza, "Mpita Njia ndiye kasema?" Ndilo jina lako siku hizi, usinune.

Maelezo nimeyaambatisha: dawa, kuogeshwa, kugeuzwa, mazoezi ya mkono. Kwenye chakula kuwa makini. Umkalishe kwanza kwa mito, ule mto wa bibi ukae mgongoni. Uji usiwe na mabonge. Na kabla ya yote hayo, piga hodi, hata kama mlango uko wazi, nao uko wazi siku zote. Sema wewe ni nani, kisha ngoja akukaribishe. Kuna siku anakuacha umesimama mpaka uji unapoa, makusudi kabisa. We ngoja tu.

Mdogo wako

23 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi bado niko koridoni.

Maelezo yako matamu, lakini marefu kama hotuba ya harusi. Nimeyabana. Kanuni yangu ni kwamba hatua isiyobadilisha kitu inafutwa. Basi mto wa bibi nimeutoa, na hodi nimeitoa, maana mlango ulio wazi umeshafunguka. Msaidizi tuliyempata amesoma, anasema hana swali hata moja. Hakuna mteja aliyewahi kunisifu hivyo! Nenda kasome, roho yako itulie. Yangu itatulia mfumo ukiwashwa, ingawa ukiwashwa tu naitwa kwingine.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Salamu zangu fupi. Mimi mzima wa mwili tu. Mama hali chakula.

Msaidizi amenipigia simu huku chuoni akilia. Ni mtu mwema, alizoea wodini, na mwongozo wako anaufuata neno kwa neno. Anaingia na uji kwa wakati, mama anafunga mdomo na kugeukia ukutani. Daktari amekuja: koo zima, homa hakuna. Mama amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni.

Nikamwambia anisomee mwongozo. Hatua ya kwanza: "Ingia." Kaka! Mama yule alisimamia bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na hakuna aliyevuka kizingiti chake bila hodi. Leo hawezi kujigeuza, kijiko hashiki. Kilichobaki chini ya amri yake ni kusema karibu, nawe umekifuta. Kazini si huwa unakaa nyuma ya mtu, mikono mfukoni, ukimtazama anavyoutumia mwongozo kabla hujaukabidhi? Kwa mama ulikaa nyuma ya nani?

Nimemwambia msaidizi apige hodi. Amepiga. Mama hakujibu, ameshasusa. Mwisho wa wiki naandika barua ya kuacha chuo, narudi. Sanduku nimeshafunga.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi soma hii kabla hujapeleka barua hiyo. Mimi mzima, na niko nyumbani. Mkurugenzi nimemwacha koridoni, sasa zamu yake kungoja.

Nilitua begi, msaidizi akanipa bakuli. Mlango wazi, mama namwona, naye ananiona. Nikapiga hodi. Nikajitaja. Akanitazama kuanzia viatu. Miguu yangu unaijua, ilitaka kuingia au kukimbia, chochote ila kusimama. Uji ukaota utando. Niliona aibu, kisha nikaogopa, nikaogopa kweli kwamba hatasema neno.

"Nani?" akauliza hatimaye.

"Mwanao, mama."

"Yupi? Yule anayepita?"

"Nimekuja kukaa."

Akalipima hilo. "Uji huo umepoa. Kapashe."

Nikapasha, nikarudi mlangoni, nikapiga hodi upya. Akaniweka tena, wee acha tu. Kisha akasema karibu. Amekula nusu bakuli na kulalamika kwamba una mabonge.

Mkataba nimeuacha. Vikazi vidogo nitaviandikia hapa mezani jikoni. Msaidizi tunaye, na mchana huu naye alikaribishwa. Nisamehe, mdogo wangu. Fungua sanduku, kapime ardhi yao yote.

Naishia hapa. Uji wa jioni umeiva na mlango wa mama uko wazi. Naenda kupiga hodi.

Kaka yako