Nilimpaka Mama Rangi Isiyotoka

Jumanne, katikati ya mwezi wa saba.

Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya Songea inayomfanya mtu avae koti juu ya sweta na bado atafute jiko la kuota. Nimerudi nyumbani Mfaranyaki sasa hivi, saa moja ya jioni haijafika. Vidole vyangu vinanuka asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Nimenawa kwa sabuni mara tatu, harufu imegoma kutoka.

Naogopa.

Nyie mnaokuja hapa kutafuta mitindo ya kucha, samahani, leo hakuna picha ya maua wala vitone. Naandika kwa sababu nikikaa bure mikono inatafuta kazi, na mikono hii imeshafanya makosa ya kutosha wiki hii. Kesho asubuhi Mama anafanyiwa upasuaji wa goita, ule uvimbe wa shingoni mwake.

Goita ya Mama naijua tangu nasoma shule ya msingi. Ilikuwa sehemu yake tu, kama pua. Anaifunika kwa mtandio, na watoto wakimkodolea macho anawaambia, "Huu mkoba wangu, nimehifadhia peremende." Tuliizoea. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka jana imeanza kukua kwa ndani na kubana njia ya hewa. Mama halali tena chali. Analala ameegemea mito mitatu, na akivuta pumzi inatoka sauti ya filimbi. Nimelala naye chumba kimoja kule kwake Mjimwema nikiisikiliza hiyo filimbi, na ikikatika kidogo tu mimi ninakuwa nimeshakaa kitako.

Daktari bingwa amekuja kwa siku chache, kisha anaondoka. Jina la Mama limeingia kwenye orodha yake baada ya kusubiri sana. Akikosa kesho, hakuna anayejua ni mwezi gani tena.

Sasa ngoja nieleze nilichofanya.

Mama yangu hajawahi kupaka rangi kucha. Kwao ni Umatengo, kule kwenye kahawa, na mikono yake imechuma, imelima, imefua, basi. Mimi nina miaka minane napaka watu kucha hapa sebuleni kwangu, maharusi, walimu, mpaka askari mmoja wa kike anayezificha ndani ya viatu. Mama akija ananikuta na brashi, anakaa pale kwenye stuli anatazama, kisha anauliza swali lake lile lile: "Hizi kucha za rangi zinapalilia nini?" Wateja wanacheka. Nami nacheka, ingawa zamani lilikuwa linaniuma.

Jumapili baada ya misa padri alimpa Mama mpako wa wagonjwa. Alimpaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye viganja. Tukaja kwangu, tukala ugali na majani ya maboga. Alipomaliza akasogeza sahani pembeni, akaniwekea mikono yote miwili mezani.

"Haya, Konso. Na mimi nipake."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haijatoka hadi sasa. Mama mdogo wangu, mdogo wake Mama wa mwisho, naye alikwenda kupasuliwa miaka ya nyuma. Siku mbili kabla alisuka nywele upya, mistari midogo midogo iliyochukua kutwa nzima, yeye ambaye siku zote alikuwa anafunga kitambaa tu. Tulimsifia sana alivyopendeza. Tulimzika na nywele zile zile, hata hazijafumuka. Tangu hapo nikiona mtu anajipamba ghafla moyo unaniruka, na sasa aliyeniwekea mikono mezani alikuwa Mama.

Nilitoa vifaa.

Nilimwambia achague. Nilidhani atasema rangi moja ya kistaarabu, pinki ya upole. Kumbe mwanamke huyu miaka yote hiyo pale kwenye stuli alikuwa anachagua moyoni. Alitaka buni nyekundu, zile za kahawa iliyoiva, kwenye kidole cha shahada. Alitaka punje za mahindi. Alitaka madoa ya kanga, ndege, siyo nguo, akanisahihisha nilipokosea kuyapanga. Kidole kidogo alitaka kifanane na kitenge chake cha Pasaka. Na kidole gumba cha kushoto, ule ukucha uliopasuliwa na panga zamani ukaota na ufa katikati, akasema huo uwe bluu ya vazi la Mama Maria. Kila kidole na jambo lake. Nilitumia brashi nyembamba, kijiti cha meno na ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Alipoingiza mkono kwenye ile taa ndogo ya kukaushia akauliza, "Unaniatamia kama yai?"

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nasema hivyo na naona aibu.

Kwa sababu, kwanza, kabla ya kupaka lazima ukucha usiwe na mafuta hata kidogo, rangi haishiki. Unafuta kwa spiriti. Nami nilikuwa na pamba yenye spiriti mkononi, na mikono iliyotoka kupakwa mafuta matakatifu asubuhi ile mbele yangu. Nilijitahidi nisiguse viganja. Lakini spiriti hutiririka. Niliiona ikishuka mpaka katikati ya kiganja cha kulia, na mimi nikaipangusa haraka haraka kama mwizi. Nimeifuta baraka ya Mama. Tangu Jumapili sentensi hiyo haijanitoka kichwani.

Pili, nilimpaka gel. Kwa asiyejua, rangi ya kawaida unaifuta kwa pamba, dakika moja imekwisha. Gel haifutiki. Maji hayaiwezi, jembe haliiwezi, inakaa wiki tatu. Ili itoke lazima uikwaruze kwa tupa, uiloweke kwa asetoni, ufunge kila kidole kwa foili, ile karatasi inayong'aa ya kufungia chakula, usubiri. Rangi ya kawaida nilikuwa nayo, ipo kabatini, lakini nikachukua gel makusudi. Nilijiambia, hii haitoki mpaka niitoe mimi, na mimi natolea nyumbani kwangu tu. Kwa hiyo lazima Mama arudi nyumbani. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nikafanya mapatano na Mungu kwa kichupa cha rangi.

Na tatu, ambalo sijamwambia mtu hadi leo. Kliniki walimpa Mama karatasi ya maelekezo, nami nilikuwa nimeisoma kabla ya kumpaka. Asile chochote tangu usiku. Avue hereni na pete. Asiwe na rangi kwenye kucha.

Niliisoma, nikaikunja, nikairudisha kwenye bahasha.

Jana Mama alilazwa hospitali, akakaa na mikono ndani ya blanketi kwa ajili ya baridi, hakuna aliyeona. Leo mchana akaja nesi mmoja kijana, mtu wa Kanda ya Ziwa kwa lafudhi yake.

"Shikamoo mama. Naomba mikono."

Mama akaitoa. Nesi akaigeuza huku na huku.

"Hee! Nzuri jamani. Nani kapaka?"

"Mimi," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno.

"Basi dada, wewe ndiye utakayezitoa. Daktari wa usingizi anapita saa kumi na moja. Akizikuta hivi, mama anaweza kutolewa kwenye orodha ya kesho."

Nikauliza kwa nini, kana kwamba sijui kusoma. Akanieleza bila ukali. Mgonjwa akishalala hawezi kusema kwamba hewa haitoshi. Wanamwekea kibanio kidoleni chenye mwanga wa kupima, na rangi inakisumbua. Na wanaangalia kucha zenyewe. Hewa ikipungua, kucha zinageuka bluu.

Kidole gumba cha Mama nilikuwa nimekipaka bluu kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa saa nane na nusu. Nilichukua bodaboda hadi nyumbani, nikamwambia dereva akimbize, halafu kwenye utelezi nikamwambia apunguze, halafu akimbize tena, mpaka akaniuliza, "Dada, umeamua nini?" Nikabeba tupa, pamba, foili na asetoni. Chupa ilikuwa nusu. Nilirudi nimeikumbatia ndani ya koti.

Kwa ajili ya harufu tulikaa nje, kwenye kibanda wanachokaa ndugu wa wagonjwa. Nilianza kukwaruza. Buni zikaondoka, madoa ya kanga yakaondoka, unga wa rangi ukaanguka kwenye kitenge chake. Nikafunga vidole kumi kwa foili. Wamama waliokuwa kwenye benchi wakacheka, mmoja akasema huyu bibi leo anachomwa kama ndizi. Mama akawaonyesha mikono yote miwili juu, wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa natazama saa. Baridi inachelewesha asetoni, kwa hiyo nikaizungushia mikono yake kitenge na kuipakata mapajani mwangu ipate joto.

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi, Mama."

"Baridi gani hii inayokutoa machozi?"

Nikasema yote. Spiriti, karatasi, mapatano yangu na Mungu, yote kwa mpigo, kwa sauti ya chini ili wale wamama wasisikie. Mama alisikiliza na filimbi yake kooni.

"Kwani Mungu ni rangi," akasema, "mpaka atoke kwa spiriti?"

Nikacheka na makamasi. Akasubiri nimalize.

"Na hiyo karatasi niliiona. Mimi si ninajua kusoma? Nilijua watazitoa. Nilitaka nizione, hata kwa siku mbili." Kisha akatazama mvua. "Naogopa, Konso. Naogopa sana."

Mama yangu hajawahi kuniambia neno hilo. Alimzika baba, alizika mdogo wake, alijenga nyumba peke yake, sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilimwambia, "Na mimi," nikafungua foili ya kwanza.

Rangi ilitoka. Siyo kwa urahisi, lakini ilitoka, na asetoni ikatosha kwa kubanabana. Chini ya rangi zilikuwepo kucha zake, fupi, ngumu, zenye mistari. Miaka minane ya kushika vidole vya watu na sikuwahi kuzitazama kucha za mama yangu zilivyo tupu. Nilibonyeza moja, ikawa nyeupe, nikaiachia, ikarudi pinki. Nikabonyeza nyingine. Nilizibonyeza zote, nikarudia tena, mpaka akaniuliza kama natafuta papai lililoiva.

Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichokataa. Bluu ilikuwa imeingia ndani ya ule ufa. Nilijaribu kwa kijiti, nikajaribu kwa ncha ya tupa, Mama akashtuka kwa maumivu nikaacha. Saa kumi na dakika arobaini. Nikamfuata nesi nikiwa sina hata nguvu ya kumsalimu tena. Akaja, akakagua kidole kimoja kimoja, akafika kwenye gumba. Uzi mwembamba wa bluu, kama umechorwa kwa kalamu. Nilisubiri aseme hapana.

"Hiki tutakiacha, vingine tisa vinatosha," akasema. "Mwingize ndani mama, baridi."

Daktari wa usingizi alipita. Jina la Mama limebaki kwenye orodha, la pili asubuhi.

Nilipokuwa naaga nilikishika kile kidole. Nikamwambia bluu ile inanitisha, kwamba ni ile ile aliyoisema nesi. Mama akaangalia ufa wake.

"Hii ya Mama Maria iache," akasema. "Hii utaitoa wewe mwenyewe, nikirudi. Na hizi nyingine umezikwaruza vibaya, utazitengeneza. Siyo Jumamosi hii. Ile nyingine. Niandike kwenye daftari lako kama unavyowaandika wenzangu, nisije nikakuta umempa mtu nafasi yangu."

Nilitoka bila kugeuka, kwa sababu ningegeuka ningebaki.

Sasa nipo hapa. Mvua imeongezeka juu ya bati. Nitakuwa pale geti la hospitali kabla hawajafungua. Bado naogopa, sitadanganya, hata chai haishuki. Kesho kwa saa nzima, labda kwa muda wa saa tatu, watu nisiowajua watakuwa wanatazama kucha tisa za mama yangu, na mimi nitakuwa nje ya mlango siwezi kuziona.

Daftari la wateja liko mbele yangu. Wanaonijua wanajua utaratibu wangu. Mteja asiye na uhakika wa kuja ninamwandika kwa penseli, ili asipotokea nifute. Nimekaa muda mrefu na penseli mkononi.

Nimeiweka chini.

Jumamosi ile nyingine, saa nne asubuhi: Mama. Nimeandika kwa kalamu ya wino.