Suti ya Chakula cha Usiku Melini

Jumapili, 1 Juni 2025

Iandikwe na ijulikane: leo, saa kumi na nusu jioni, hapa Akheri, baada ya ibada ya pili na sahani moja ya ndizi nyama, imethibitika kwamba mume wangu hana nguo. Mashahidi ni mimi, mdogo wake aitwaye Nelson, na kuku.

Chanzo ni binti yetu Prisca. Katuma karatasi za meli kwa WhatsApp — kurasa kumi na moja! Wakwe zetu wa Ujerumani, baba na mama wa mumewe Detlef, wanatimiza miaka arobaini ya ndoa mwezi wa nane. Wametualika sote kwenye meli kubwa, siku saba, kutoka Hamburg mpaka huko kwenye barafu. Viza tunazo. Tiketi tunazo. Ila usiku wa tatu kuna chakula rasmi.

Nelson alifanya kazi hoteli ya watalii miaka sita, Kiingereza anakijua. Akatusomea kwa sauti ya mchungaji: wanaume wavae suti nyeusi na tai, au lile koti la tai ya kipepeo, au vazi la taifa. Kaptula marufuku. Ndala marufuku.

Wanawake hawakuandikiwa mengi. Gauni la heshima, basi. Mimi ninayo manne.

Baba Prisca kasikiliza mpaka mwisho, akakunja miwani. Kisha kasema yeye haendi.

Jumanne, 3 Juni

Sababu yake: suti anayo moja tu. Kweli. Ya kijivu, ya harusi yetu, 1984, iko sandukuni. Lakini ile ameiweka akiba ya kuzikwa nayo. Wazee wa kanisa wanajua, Nelson anajua, nami nimeshaonyeshwa ilipo mara tatu. Akiivaa melini, anasema, itakuwa imeshatumika.

Nikamwambia ulishaitumia kunioa.

Akasema ile ilikuwa siku moja tu.

Jumamosi, 7 Juni

Nelson kaja na ufumbuzi: vazi la taifa! Tumekaa nje watu wazima watatu, kutwa nzima, tukilitafuta vazi la taifa la mwanaume wa Tanzania. Hatukulipata. Nelson akataja shati la kitenge. Baba Prisca akasema hilo ni la MC wa send-off. Nelson akataja suti ya Kaunda. Baba Prisca akauliza Kaunda alikuwa rais wa wapi.

Akapita jirani yetu Lengai na mbuzi wake, tukampelekea kesi. Yeye hakufikiri hata kidogo. Atamwazima shuka la Kimasai na fimbo, Wazungu watafurahi mpaka walie.

"Mimi ni Mmeru," akasema Baba Prisca. "Nina kahawa. Nivae shuka, nionekane nimepotelewa na ng'ombe katikati ya bahari?"

"Afadhali upotelewe na ng'ombe, mzee mwenzangu," Lengai akasema, "kuliko uende na lile joho lako la kwaya."

Tulicheka mpaka mbuzi wakatawanyika. Baba Prisca naye alicheka. Ila soda yake alikuwa ameibana katikati ya magoti, anainywa kwa mrija. Siku hizi kila mahali ni soda na mrija. Harusini mrija. Msibani mrija. Naandika tu, sina hoja.

Alhamisi, 12 Juni

Hoja nimeipata.

Tangu Pasaka hataki mtori, supu yetu ya ndizi. Mtu aliyelelewa kwa mtori! Anasema unamjaza gesi. Uji anautaka nusu kikombe, tena kwenye kile kikombe kikubwa. Na chakula hakianzi mpaka mimi nirudi jikoni. Nilijua ni mapishi yangu. Miezi miwili nimenuna kimyakimya na kuongeza chumvi, kupunguza chumvi.

Leo mchana nimesahau mtandio, nikarudi ghafla. Nikamkuta na bakuli la maharage. Kijiko mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia kwenye kifundo, kama mtu anayemshika kuku asipapatike. Kijiko kinacheza. Maharage yako kwenye shati.

Hakuniona. Nikarudi nyuma mpaka jikoni, nikagonga sufuria, nikapiga chafya ya uongo. Nilipoingia alikuwa na shati jingine, anasoma gazeti la wiki iliyopita.

Kwa hiyo si suti.

Jumamosi, 14 Juni

Prisca kapiga simu ya video. Elinipa, mjukuu wetu, miaka minne, jina la mama mzazi wa Baba Prisca, hatujawahi kumshika. Kiswahili chake ni cha maneno kumi na matano na anayatumia yote kwa pamoja. Kauliza kama babu atakaa karibu na yeye melini. Prisca kasema wameshapanga: mezani baba atakuwa katikati, huku Elinipa, huku baba mkwe.

Baba Prisca akasema vizuri sana, akaondoka kwenda kuangalia kahawa. Kahawa haikuwa na shida yoyote.

Nikamfuata mpaka kwenye migomba. Alikuwa ameshika shina moja, kama vile migomba ndiyo inayohitaji kushikwa. Akasema bila kunitazama:

"Nitammwagia mtu supu, Mama Prisca. Mbele ya wakwe! Prisca ataona aibu, halafu atasema hajaona."

Miaka arobaini na moja nimekaa na huyu mtu. Nikasema huu mgomba unataka nguzo. Akasema ndiyo, unataka. Tukaukatia nguzo.

Jumatatu, 16 Juni

Hospitali. Daktari kijana mno, kampa karatasi achore duara, kama chekechea. Duara limetoka kama jani la mgagani. Daktari kalitazama, kamwinua mikono, kamtembeza. Kisha kasema si ule ugonjwa mbaya tuliokuwa tunauogopa wote wawili bila kuutaja. Ni mtetemo tu, wazee wengi wanao. Katoa vidonge, huenda vikasaidia kidogo. Na apunguze kahawa.

Kamwambia mkulima wa kahawa apunguze kahawa!

Njiani Baba Prisca alikisoma kikaratasi cha vidonge mpaka Tengeru. Halafu akasema: "Yule daktari ni mtoto mzuri, lakini hana adabu."

Alhamisi, 26 Juni

Nimemwambia twende tu mjini kupima suti, kupima si kwenda. Kakubali kwa sababu hakuwa na sababu iliyobaki.

Fundi Mikidadi, Kaloleni. Alishanishonea mapazia ya sebuleni na hajawahi kunidanganya siku ya kuchukua, kwa hiyo si fundi wa kawaida. Shikamoo mzee, marahaba, futi shingoni. Kapima mabega, kapima kifua. Alipofika kwenye mkono wa kulia akapima, akaandika, akapima tena. Mkono ulikuwa unacheza. Mikidadi akangoja. Hakuushika. Akangoja tu, na futi yake, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kisha akasema, kwa sauti ya biashara, kwamba yeye hushona mapazia ya hoteli. Pazia jepesi hupeperuka. Dawa yake ni vyuma vidogo, unavishonea ndani ya pindo, pazia linatulia, na mgeni haoni kitu. Mzee akipenda, anaweza kuweka vichache kwenye pindo la mkono. Mikono yote miwili, ili koti lisiende upande.

Nilitazama vitambaa ukutani. Nilivitazama vyote.

"Kwa hiyo mimi ni pazia," akasema Baba Prisca.

"La ukumbini, mzee wangu. Si la bafuni."

Kacheka! Kacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha kachagua kitambaa mwenyewe, cheusi, na kuuliza kama kinapauka.

Jumapili, 6 Julai

Baridi, ukungu, mlima hauonekani tangu Jumatano. Suti imefika.

Nimemvalisha mimi. Tai nimejifunza kwenye simu, nikiifunga kwenye mguu wa meza. Kwenye shingo ya mtu ni kazi nyingine — mguu wa meza haunitazami. Mwaka ule wa harusi alifungwa na kaka yake, ikakaa upande, na kwenye picha zote iko upande. Leo imekaa sawa. Ananukia sabuni ya mche na kahawa. (Hajapunguza.) Nikamwambia tulia. Akasema nimetulia, ni wewe unayetetemeka. Ilikuwa kweli.

Halafu majaribio. Kitambaa cheupe mezani, visu na uma kutoka kwa Nelson. Anasema hoteli ilimzawadia alipoacha kazi. Zote zina nembo ya hoteli na ziko kumi na nane. Sikuuliza. Nelson mwenyewe akawa mhudumu, taulo mkononi: "Mheshimiwa, maji yenye gesi au yasiyo na gesi?"

"Ya bombani," mheshimiwa akasema.

Nyama. Uma kushoto, kisu kulia. Nilijifanya natafuta chumvi. Nyama ikapanda, ikayumba kidogo, ikafika! Ya pili ikafika. Nadhani ni vile vyuma, au ni kwamba kila mkono una kazi yake na hauna muda wa kucheza. Kamaliza sahani nzima, mbele yangu. Mara ya kwanza tangu Pasaka.

Nilikwenda jikoni kulia kidogo. Vitunguu vilikuwepo, hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 18 Julai

Njegere bado zinatushinda. Ndizi sawa, samaki sawa, kabichi inategemea siku. Kijiko hatujakigusa. Aliniuliza kama melini kuna vijiko, nikamwambia kwenye chakula rasmi Wazungu wanakula kwa kisu na uma. Nilisema kwa uhakika wote wa mtu ambaye hajavuka mpaka wa Namanga. Nelson akaunga mkono: miaka sita hotelini, hajaona kijiko usiku.

Leo nimemkuta shambani anachuma kahawa na koti la suti. Juu koti jeusi, chini mabuti. Anauzoea uzito, anasema. Wachumaji wengine walikuwa kimya kabisa, kila mmoja na mti wake, kwa heshima kubwa, mabega yanawacheza.

Jumatano, 30 Julai

Baba Prisca kamwambia Lengai kwamba anasafiri Jumapili. Kasema kama jambo ambalo halijawahi kuwa na mashaka. Lengai kamwomba amletee kipande cha barafu. Nelson anauliza mashine ya uwanja wa ndege itasema nini ikiona vyuma mikononi. Nimemwambia itasema pazia.

Suti ya kijivu imebaki sandukuni. Kaniagiza niangalie isiliwe na wadudu tukiwa mbali. "Ile bado," akasema. Nikasema najua, bado.

Na jioni, tunachagua parachichi za kumpelekea mama mkwe, kauliza: mtoto wa miaka minne ana kilo ngapi? Nikamwambia kama kumi na sita. Kafikiri. Kasema nikiwa nimekaa, na koti nimevaa, nitaweza.

Jumamosi, 2 Agosti

Kesho asubuhi uwanja wa ndege, KIA. Gari linakuja saa kumi na moja alfajiri. Mabegi mawili yako mlangoni. Parachichi nimetoa, nimerudisha, nimetoa nusu. Suti inaning'inia kwenye mfuko wake juu ya mlango wa chumbani, na kila anayepita anainama kidogo.

Nelson kaja kuaga. Katika maongezi imetoka kwamba ile miaka sita hotelini alikuwa upande wa bustani. Ndani aliingia mara mbili, zote mchana, kubadilisha maua. Nimemtazama. Katazama paa.

Baba Prisca hakusikia. Yuko sebuleni anapiga pasi leso, mwenyewe, kwa mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, taratibu, pembe kwa pembe. Anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya besi. Mchana kala wali na samaki mbele ya Nelson, mbele ya mkewe Nelson, mbele ya mtu wa kusoma mita ya maji. Kaniambia samaki wa Elinipa atamkata yeye mwenyewe, kutoa miiba, kama yeye alivyokuwa akifanyiwa na mama yake.

Ujumbe umeingia kwenye simu sasa hivi. Prisca. Meli imetuma orodha ya vyakula vya usiku wa tatu, kaitafsiri yote kwa Kiswahili ili baba achague mapema. Anauliza baba anapendelea samaki au ng'ombe.

"Wanasemaje?" anauliza huko sebuleni. Pasi imesimama.

Nimesoma mara mbili, ya pili bila miwani. Samaki au ng'ombe ni cha tatu. Cha kwanza ni supu.