Ndimi za Kengele

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa mradi. Bwana Hewa — ndivyo tulivyombatiza kabla hajamaliza salamu — anasema kilima kimefungwa. Miti itavuta moshi wa viwanda vya mbali, na wenye viwanda watatulipa. Kwa hiyo mbuzi marufuku, kuni marufuku. Mama mkwe akanyoosha mkono: kama hewa ina bei, naye auze pumzi zake, amebakiwa na chache. Tulicheka mpaka machozi! Bwana Hewa naye akacheka. Kisha akasema watakuwepo watu wetu wenyewe wa kuwapasha habari walinzi, na hawatatajwa majina. Mbuzi atakayekamatwa harudi. Hapo hakuna aliyecheka.

Mume wangu, Baba Pacha, anachoma matofali. Bila kuni za kilima, tanuri lake litageuka banda la kuku.

Alhamisi, 6 Juni

Mbuzi wa fundi cherehani wamekamatwa! Wote! Alikuwa akiwapandisha kilimani kwa njia ya korongo, na siri hiyo alitunong'oneza sisi wawili tu pale kisimani, mimi na mke wa fundi baiskeli. Leo yule mwanamke kaniangalia, nami nikamwangalia. Tumebeba ndoo zetu bila kuagana. Ana mdomo, huyo.

Mimi sijamwambia mtu. Baba Pacha tu, na mume hahesabiwi.

Ijumaa, 7 Juni

Huku chini majani yamekwisha. Nikiwafungia zizini maziwa yatakauka, na pacha watakunywa nini? Mbuzi hawa kaniachia marehemu mama. Si mali ya mradi.

Nimechana gauni kuukuu, nikazifunga ndimi za kengele zote za mbuzi zisilie. Alfajiri tumepanda kilima kimya. Shangazi, yule jike kikongwe anayeongoza wenzake, alitikisa shingo mara mbili, akashangaa hajisikii. Nusura nicheke.

Jumapili, 9 Juni

Baba Pacha kaja na mabuti. Mapya! Eti kapewa na rafiki. Rafiki gani mwenye mguu kama mtumbwi, sawa na wake? Tanuri halijawaka wiki nzima. Na soli zina udongo mwekundu. Hapa kwetu udongo mweusi. Mwekundu uko kilimani.

Labda alikwenda kuokota vijiti. Nimejiambia hivyo, moyo umekataa. Kikulacho ki nguoni mwako — mama alikuwa akisema sana, nami utotoni nikidhani anasema chawa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemtega. Tukiwa tunakula, nikasema kama mtu anayeomba chumvi: kesho nawapitisha mbuzi kwenye machimbo ya mawe kule kilimani. Akauliza, alfajiri? Nikajibu, alfajiri. Akaendelea kutafuna.

Sijamwambia mwingine yeyote, hata mama mkwe. Mungu wangu, kesho asitokee mtu.

Jumanne, 11 Juni

Wametokea.

Mbuzi niliwaacha zizini, nikaenda kujificha machimboni peke yangu. Walinzi wawili, wageni, kamba mikononi. Wamengoja mpaka jua likawa kali. Mmoja akamwambia mwenzake ajabu, yule mtu wao wa matofali hajawahi kuwadanganya. Nimengoja waondoke, ndipo nikashuka.

Mke wa fundi baiskeli nitamtazamaje?

Jioni Baba Pacha karudi, kavua mabuti mlangoni, kawabeba watoto, mmoja bega hili, mwingine lile. Kisha kwa upole: "Mama Pacha, leo mbuzi hawakutoka?"

Nikasema Shangazi anachechemea. Uongo wa kwanza uliokuja mdomoni. Akaniangalia sana. Akasema tanuri limekufa na watoto wanataka kula. Basi. Nilitaka kumrukia nimkabe, nikabaki nasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Akavaa mabuti yake, akasema acha akautazame huo mguu.

Yuko zizini. Naandika nimeegemea mlango. Hajaita kuniuliza ni mguu upi.

Kengele! Ya Shangazi hiyo, naijua. Ijumaa niliifunga kwa mkono wangu, mafundo mawili, na sijaifungua.

Anafungua matambara, moja moja. Sasa inalia ya pili.